Kichwa cha Lori la Chumvi

"Basi kama si mkono wako, ni mkono wa nani?" Hajara alikuwa amefika hapo kwenye ugomvi, na sauti yake ilikuwa imeanza kumchosha hata yeye mwenyewe. "Nani mwingine alifungua hiyo injini? Mimi? Baba Hakim? Au ni hawa kuku?"

Kakule hakuinua macho. Alikuwa ameketi juu ya rimu ya gari mbele ya kibanda chake, anapangusa spana kwa kitambaa kichafu kuliko spana yenyewe.

"Mama Hakim, nilishasema. Mukono wangu ilifunga muzuri. Kama kulase imekufa tena, kuko kitu ingine inaiua."

"Kitu gani?"

"Sijue. Haujaniachia niifungue."

"Na sikuachii."

Kulase ndivyo watu waliotoka upande wa Congo wanavyokiita kichwa cha injini, lile pande zito la alumini linalokaa juu ya silinda na kuzifunika kama kifuniko cha sufuria, na siku hizo mtaa mzima wa Bwera ulikuwa umejifunza neno hilo bila kutaka. Lori la Hajara lilikuwa dogo, kuukuu, la kubeba chumvi kutoka Katwe hadi Bwera, ambako wachuuzi huigawa kwenye mifuko na kuivusha mpaka wa Mpondwe kuingia Congo. Mara ya kwanza lilipochemka, Kakule alilivua kichwa, kikapelekwa Kasese kunyooshwa kwenye mashine, akakirudisha na gasketi mpya. Halikumaliza hata msimu mmoja wa mvua. Likachemka tena kwenye kilima cha kutoka Kinyamaseke, likavutwa kwa trekta hadi mjini saa ya watu kutoka sokoni, chumvi mgongoni na aibu juu ya chumvi.

Kwa hiyo watu walikuwa wanasikiliza. Naswiba, muuza chapati wa ng'ambo ya njia, alikuwa amepunguza moto wa jiko asije akapitwa na neno. Mbele ya masikio kama hayo Hajara akasema lile ambalo hakuwa amelipanga.

"Siku ya soko ikipita, utoe vyuma vyako kwenye ukuta wangu."

Kakule aliacha kupangusa. Kisha akaendelea, polepole, kana kwamba spana ilikuwa na sehemu moja tu iliyobaki.

Asiyeujua ukuta ule angedhani ni maneno ya hasira tu. Lakini Kakule alikuja Bwera akikimbia vita vya upande wa Beni, ng'ambo ya mpaka, na mkewe Anastasie, na watoto, na mfuko wa spana, basi. Hajara ndiye aliyemwambia aegemeze mabati kwenye ukuta wa nyumba yake afanye kazi. Kutoka hapo madereva wakamjua. Fundi anayefukuzwa na mwenyeji wake mwenyewe, tena kwa sababu ya kazi mbaya, nani atampa gari lake? Kilichokuwa kimebaki kwa Kakule ni kambi ya wakimbizi, au kurudi alikotoka, na hakuna aliyehitaji kuelezwa hivyo, si Naswiba, si Hajara.

Usiku ule Hajara alilala vibaya. Umri wake ulikuwa wa kuuza chumvi ukiwa umekaa, si wa kusimama barabarani kumwelekeza mwenye trekta. Magoti yalimuuma. Na kilichomuuma kuliko magoti ni kwamba alimpenda yule mtu. Kakule alikuwa na namna yake ya kueleza injini hata mtu wa sokoni akaelewa. Alimwambia siku moja, lori lilipochemka mara ya kwanza, huku amelishika pande lile mapajani kama mtoto, kwamba kichwa ni nyumba ya wapangaji watatu, moto, maji na mafuta. Kila mmoja ana chumba na mlango wake, wanaishi wamegusana migongo, na kinachowatenganisha ni kuta nyembamba za alumini na karatasi moja ya gasketi. Ukuta ukitoboka, alisema, kila mutu anaingia kwa mwenzake bila hodi. Hajara alikuwa ameisimulia hadithi hiyo kwenye arusi mbili tatu, na watu walicheka.

Siku hiyohiyo Kakule alikuwa amemuuliza kitu kingine. Lile lori wanalitilia maji gani kwenye rediyeta? Hajara akacheka. Maji ni maji, alimjibu, gari haina ulimi. Kakule naye akacheka kidogo, hakuuliza tena.

Asubuhi Shafik, mtoto wa kaka yake Hajara na ndiye dereva wa lori, alianza kukifungua kichwa mwenyewe, maana shangazi alishaapa kuwa Kakule hatagusa. Hajara alitaka kikatazamwe Kasese na mtu asiyeegemea upande wowote. Shafik alikuwa amekwisha kuweka spana kwenye bolti ya katikati, sauti ikatoka kibandani.

"Anza na za inje, Shafik. Inje, kisha ndani. Kidogo kidogo. Ukianza kati, itapinda."

Shafik alimtazama shangazi. Shangazi alitazama pembeni. Basi Shafik akahamia bolti za pembeni.

Ilikuwa Jumamosi, na kesho yake Sylvie, binti mdogo wa Kakule, alikuwa na komunyo yake ya kwanza. Kwa siku kadhaa jogoo mmoja mwenye shingo tupu alikuwa amefungwa mguu kwenye kisiki cha mpapai katikati ya ua wa nyumba zote mbili, anakula kuliko wageni. Hapa pana jambo la ua ule ambalo lazima lisemwe. Tangu Kakule na Anastasie wafike, hawakuwahi kuchinja kuku wenyewe. Anastasie humbeba kuku akiwa hai, miguu juu, hadi mlangoni kwa Hajara, na mume wa Hajara, Zubairi, hunawa mikono, huelekea kibla, huchinja. Hapo nyumba zote mbili zinaweza kula chungu kimoja. Noeli ilikuwa hivyo, Pasaka hivyo, na Idi ilipofika Hajara hakuwahi kuandaa sinia bila kutuma sehemu ya Anastasie kwanza. Hakuna aliyeweka sheria. Ilikuwa hivyo tu.

Sasa Hajara alikuwa anamchungulia jogoo yule dirishani. Jioni ikaingia, jogoo yuko palepale, Anastasie amepita mbele ya mlango mara kadhaa na ndoo, hakusema neno juu ya kuku. Zubairi, mtu wa maneno machache na kandambili zenye kamba mbili tofauti, moja ya bluu na moja nyekundu, aliketi na chai yake akimtazama mkewe akichungulia.

"Unangoja nini hapo?" akamuuliza.

"Singoji kitu."

"Haya."

Jumapili kabla jua halijapanda juu ya milima, walikipandisha kichwa, kimefungwa kwenye gunia, nyuma ya pikapu ya mtu wa nyanya aliyekuwa anakwenda Kasese. Hajara alikaa mbele, Shafik nyuma na gunia. Nyuma waliacha nyimbo za Wakatoliki wakijipanga kwenda kanisani, na Sylvie katika gauni jeupe akikatazwa kukaa chini. Hajara alimwona. Kwa kawaida angeshuka amtilie kitu mkononi mtoto, amwambie amependeza kama malaika. Safari hii alirekebisha ushungi wake, gari likaondoka.

Jumapili karakana za Kasese nyingi zimefungwa, ila Semu ni Msabato. Yeye hupumzika Jumamosi, na Jumapili mashine zake zinanguruma peke yake karibu na reli ya zamani, ndiyo maana wenye haraka wa wilaya nzima wanamjua. Alikuwa mtu mnene, mwenye pumzi fupi, na alipoelezwa kuwa kazi yake mwenyewe ya kunyoosha imeharibika ndani ya msimu mmoja, alikasirika kwanza, kisha akaomba gunia lifunguliwe.

Alikiosha kichwa kwa dizeli. Akakifuta. Akaweka rula ya chuma juu ya uso wake, akainama kutazama kama mwanga unapita chini ya rula. Akaiweka kimshazari, akainama tena. Akaiweka upande wa pili. Hajara aliinama naye, kama mtu anayengoja jibu la daktari.

"Imenyooka," Semu akasema. "Vilevile kama nilivyoitoa."

Akamwonyesha alama ambazo gasketi ilikuwa imeacha kuzunguka kila silinda, mviringo kwa mviringo, zimekolea sawasawa kama alama ya kikombe kwenye meza. Kama bolti zingekazwa ovyo, alieleza, alama zingekuwa nzito huku na hafifu kule. Anayejua kazi hukaza kuanzia katikati kwenda nje, kwa awamu, akiipa kila bolti haki yake, ndipo kichwa kinalala chini bila kuvutwa upande.

"Huyu alifunga kwa adabu. Ni nani?"

"Kuna Mcongo mmoja," Hajara akasema.

Jibu hilo lilimkaa vibaya kinywani. Kuna Mcongo mmoja. Kana kwamba hakuwahi kula kwake.

Ugonjwa ulikuwa mahali pengine. Semu aliuweka uso wa kichwa kwenye jua, akamwonyesha vitundu vinavyopitisha maji. Vilipaswa kuwa na kingo kali, za mviringo. Vilikuwa vimeliwa, vimepanuka ovyo, chuma kimekuwa na vishimo kama muhogo uliopitiwa na wadudu. Pabaya kuliko pote palikuwa kati ya matundu ya valvu, vile vizibo vinavyoingiza hewa na kutoa moshi. Valvu mbili za kila silinda zimekaa karibu sana, na moja kati yake ndiyo inayopitisha moshi wa moto unaotoka, kwa hiyo waliochora kichwa hiki walipitisha maji kwenye njia nyembamba humohumo katikati ili papoe. Ni ukuta mwembamba unaofanya kazi ya ukuta mnene. Na kwenye kichwa cha Hajara ukuta huo ulikuwa umeliwa kutoka ndani, hadi moto ukapata njia ya kupenya kwenye maji. Moto ukiingia kwenye maji, maji yanachemka, rediyeta inatema, lori linasimama kilimani. Hapo hakuna gasketi wala fundi wa kuzuia.

"Kimeliwa na nini?" Shafik akauliza, lakini aliuliza kama mtu asiyetaka kujibiwa.

Semu aliingiza bisibisi kwenye njia ya maji, akakwangua. Utando mgumu, mweupe wenye kijivu, ukadondoka kwenye kiganja chake. Akasema hajui ni nini, labda kuna dawa wanatia. Akauinua mkono ili Hajara aone.

Hajara hakuangalia. Alifanya kile ambacho amekifanya maisha yake yote kwenye kila gunia aliloletewa, kabla akili haijauliza. Alichukua punje kwa ncha ya kidole, akaiweka kwenye ulimi.

Akaitema palepale. Lakini ulimi wake ulikuwa umekwisha kusoma. Ilikuwa chumvi, na si chumvi ya kula, ile nyeupe inayovunwa kwenye vidimbwi. Ilikuwa na ule uchungu unaobaki kooni, uchungu wa maji yenyewe ya ziwa la Katwe kabla mtu hajayatengeneza.

Akageuka kwa Shafik. Shafik alikuwa anatazama viatu vyake.

"Shangazi, ni wewe uliniambia."

Ndivyo. Ni yeye aliyemwambia. Ilikuwa wakati wa kiangazi, kabla lori halijachemka hata mara moja, limesimama Katwe linapakia, rediyeta inadai maji. Jalia, mwanamke anayewauzia chumvi, aliwaletea dumu la maji matamu, maji ambayo Katwe huletwa kutoka mbali, na nyuma yake alisimama mtoto na kikombe, anatazama dumu likimiminwa kwenye gari. Hajara aliona haya. Tangu siku hiyo alimkataza Shafik kuchukua maji ya watu ya kunywa. Achote pale ukingoni, ziwani, yamejaa, hayana mwenyewe. Gari haina ulimi. Na Shafik akawa anachota kila safari, na dumu la ziada akabeba kwa ajili ya kilima.

Na yeye ni mtu gani wa kutojua? Majembe ya Katwe yanaliwa mpini ukiwa bado mpya. Mabati ya ghala lake alishayabadilisha. Anajua chumvi inavyokula chuma kuliko anavyojua dua za asubuhi. Hakuwaza tu kwamba ndani ya injini, kulikofungwa na kukazwa hivyo, nako ni chuma.

Semu alisema anaweza kujaza mashimo kwa kuchomelea na kukinyoosha tena, lakini hakushauri. Uso ukikatwa kila mara unapungua, na ukipungua sana valvu zitaanza kugonga pistoni. Bora watafute kichwa kingine kwa wanaochinja magari mabovu, na kutoka siku hiyo watie maji safi yenye dawa ya kuzuia kutu. Hajara aliitikia. Kichwa kingine kingepatikana. Lori halikuwa linamsumbua tena.

Njiani kurudi, mbuga zikapita upande huu na milima ikapita upande ule imejifunika mawingu, naye hakuona kitu. Alikuwa amechoka uchovu wa mtu anayebeba mzigo ambao hakuna wa kumtua. Karibu na Kikorongo wazo lilimjia, jepesi, lenye adabu zake. Angeweza kusema kichwa kilikuwa kizee. Semu amekitazama, kimekufa kwa uzee, basi, Kakule abaki na ukuta wake, yaishe. Shafik asingesema. Hakuna ambaye angejua.

Lakini yeye si mgeni wa maneno ya mtaa. Ameyapika na kuyapakua miaka mingi, na anajua yanavyotembea. Neno alilosema mbele ya Naswiba lilikuwa limekwisha kufika kituo cha malori, na huko lilikuwa linasema kwamba Mcongo wa ukutani kwa Hajara anaharibu injini. Neno kama hilo halizimwi na "kizee." Linakimbizwa na neno jingine lenye miguu mirefu kuliko lenyewe.

Kwa hiyo pikapu iliposimama, hakuingia kwake. Alivuka njia hadi kwa Naswiba, akaketi kwenye benchi la wateja, akaagiza chai.

"Naswiba, dada yangu, lile lori liliharibiwa na mimi."

Naswiba aliacha kusukuma chapati. Hajara akamweleza yote, ziwa na dumu na chumvi aliyoionja kutoka kwenye injini yake mwenyewe. Akamwambia Kakule hana kosa hata la bolti moja, na kwamba hayo anamwambia ili ayasimulie.

"Kwamba umelamba gari?" Naswiba akauliza.

"Sema hivyo. Sema nimelamba gari. Lakini usiache hiyo ya Kakule."

Hiyo ingefika kituoni kabla chai haijapoa. Hajara aliinuka, magoti yakalia, akamwita Shafik abebe gunia.

Uani alikuta alichokuwa anakiogopa. Kakule, bado na shati lake jeupe la kanisani, alikuwa juu ya ngazi anang'oa misumari ya mabati. Spana zilikuwa zimepangwa kwenye mifuko. Na pale kwenye kisiki cha mpapai palibaki kamba tu, na manyoya. Nyumba ya Kakule ilikuwa imejaa, kicheko na maneno ya Kinande na harufu ya kuku vikitoka mlangoni kwa pamoja. Wamechinja wenyewe, akawaza. Basi imekwisha.

Shafik aliweka gunia chini. Hajara akalifungua kwa mkono wake.

"Baba Sylvie, acha hiyo mabati."

"Siku ya soko ni keshokutwa," Kakule akasema. Hakusema kwa ubaya. Alisema kama mtu aliyewahi kubomoa nyumba nyingine, na anajua ni bora kuanza mapema.

"Nimesema acha. Mkono wako hauna kosa. Ni chumvi. Mimi niliweka maji ya ziwa ndani ya gari, mimi mwenyewe, mwenye kuuza chumvi. Nimeshamwambia Naswiba."

Kakule alishuka ngazi. Alichuchumaa, akapitisha kidole gumba kwenye vitundu vilivyoliwa, kimoja baada ya kingine.

"Nilijua," akasema.

"Tangu lini?"

"Ile mara ya kwanza. Niliona ile weupe ndani. Njo maana nikakuuliza maji. Ukacheka." Alikuwa bado anakitazama kichwa. "Mutu amekupa ukuta, Mama Hakim. Utamuuliza mara mbili?"

Hajara alikuwa na maneno aliyoyapanga tangu Kikorongo, ya msamaha, ya ujirani, ya Mungu. Yote yalikuwa mepesi mno kwa swali lile. Mwishowe aliokota nyundo iliyokuwa chini ya ngazi, akamnyoshea upande wa mpini.

"Kesho uniulize mara kumi," akasema. "Lakini kwanza rudisha misumari."

Kakule aliipokea nyundo. Hakucheka, ila mabega yake yalishuka kidogo, kama ya mtu aliyeambiwa anaweza kukaa.

Hapo Anastasie akatokea mlangoni, kitenge cha sikukuu kiunoni, mwiko mkononi. Alimtazama mumewe, akalitazama gunia, akamtazama Hajara aliyekuwa tayari amegeuka kwenda kwake kimyakimya, macho yakiwa kwenye yale manyoya.

"Unaenda wapi?"

"Mna wageni, Mama Sylvie. Na mimi nimechoka. Msinijali."

"Wageni gani? Angalia pale chini."

Hajara akaangalia. Kati ya viatu vya kanisani vilivyorundikana kizingitini, vyeusi na vyekundu na vidogo vya Sylvie, zilikaa kandambili mbili, moja ya kamba ya bluu, moja ya kamba nyekundu.

"Nilimupelekea Baba Hakim jogoo asubuhi, pikapu yenu ikitoka tu," Anastasie akasema. "Alichinja, akasema hangoji uamuzi wa Kasese. Iko anakula tangu saa ile. Paja nimekuwekea, lakini nikimuacha yeye peke yake na sahani, siahidi kitu. Ingia, Mama Hakim. Nawa mikono, ukule."